Kuishi na baipola: panga ukiwa umetulia, usisubiri ipande

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, na nina baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu na kumshusha chini kwa vipindi. Nimeanza na hilo maana wengi wanaonifuata huwa wanaulizia "kuna ndugu yangu" au "kuna rafiki yangu" na nawaelewa kabisa, hata mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia watu nina presha. Naandika kwa yule aliyeambiwa juzi hospitali kwamba ana huu ugonjwa, na kwa wale wanaoishi naye nyumba moja. Kitu kimoja naomba mkishike: kazi ya baipola inafanyika wakati mtu yuko sawa. Ikishapanda hasikii la mtu, ikishashuka hana nguvu hata ya kuoga, kwa hiyo nafasi mliyonayo ni kile kipindi cha katikati, ambacho wengi wetu tunakitumia kusema alhamdulillah kapona, tunatupa dawa tunaendelea na maisha, mpaka siku inarudi tena inatukuta hatuna hata namba ya simu ya daktari.

Kwanza tuelewane ni nini

Mtu kukasirika asubuhi na kucheka jioni siyo baipola, huo ni ubinadamu, na naomba tuache kumuita kila jirani mwenye hasira baipola. Huu ni ugonjwa wa vipindi. Kuna kipindi cha kupanda, wanaita mania, kinakaa wiki au zaidi (kama imebidi mtu alazwe hata siku chache zinahesabika), mtu anaongea haraka mpaka maneno yanagongana, halali na hachoki, mawazo yanakimbia, anajiona anaweza kila kitu, pesa zinamwagika, mwingine badala ya furaha anakuwa mkali kama moto, mwingine anasikia sauti au anaamini ametumwa na Mungu. Kuna kupanda kwa chini chini, siku nne na kuendelea, huyu bado anaenda kazini na anapendeza kwelikweli kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Halafu kuna sonona, wiki mbili na kuendelea, mwili mzito, kila kitu hakina ladha, kulala sana au kutolala kabisa, kujiona mzigo kwa watu. Aliyepata mania kamili hata mara moja anaitwa aina ya kwanza, mwenye kupanda kwa chini chini pamoja na sonona ni aina ya pili, na msidhani hiyo ya pili ni nafuu maana sonona zake zinaweza kuwa ndefu kupita maelezo. Na vipo vipindi vya mchanganyiko, mwili unawaka kwa mania huku moyo uko kwenye sonona, hivyo ndo vya kuogopa kuliko vyote na nitavirudia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 hivi walikuwa nayo mwaka 2019, kwa hiyo siyo kitu cha ukoo wenu peke yenu. Ni kweli inatembea kwenye familia, mzazi akiwa nayo uwezekano wa mtoto unaongezeka, ila watoto wengi hawaipati. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana, miaka ya mwisho ya shule au ishirini na kitu.

Kwangu ilianza nina miaka 24, kumi la mwisho la Ramadhani, oda zimejaa, nashona mpaka daku. Siku ya tatu nikagundua silali na wala sichoki. Nikaona ni baraka ya mwezi mtukufu. Nikapokea advansi za magauni 43 na Idd imebaki siku tano, nikanunua majora ya kitambaa kwa pesa za wateja, nikawa nakata bila futikamba maana nilikuwa nikimtazama mtu tu naona vipimo vyake. Nikaenda ofisi za mkoa kudai nipewe kiwanda. Idd ilinikuta wodini. Baadae ikaja ile nyingine, miezi mitatu nimelala nimegeukia ukuta, mama anawajibu wateja mlangoni.

Usingizi ndo mlinzi wako

Ukisahau yote niliyoandika beba hili. Kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya kwanza ya kupanda, na pia ni chanzo, yaani usiku mmoja au miwili ya kukesha inaweza kumpandisha mtu aliyekuwa sawa kabisa. Kwetu huku sababu za kukesha haziishi: msiba, mkesha wa maombi, harusi, safari ya basi la usiku, zamu, mtoto mchanga, mpira. Mimi nimejifunza hivi, kwenye msiba naenda mchana, napika, nalia na wenzangu, saa tatu usiku narudi nyumbani. Mwanzoni walisema nimejitenga, dada akawaeleza shangazi mmoja mmoja kwamba ni maagizo ya hospitali, sasa hivi shangazi zangu wenyewe ndo wananifukuza, "mwanangu saa zako zimefika, nenda".

Lala saa ile ile, amka saa ile ile, hata Jumapili. Simu iache chumba kingine. Kahawa mwisho asubuhi, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu achana navyo kabisa, pamoja na mirungi na bangi, najua kuna watakaosema bangi inawatuliza, jamani nimekaa wodini na hao waliotulizwa, inawarudisha kila baada ya muda. Pombe nayo inaharibu usingizi na inagombana na dawa. Kanuni yangu ni hii: nikilala chini ya masaa matano usiku mmoja na asubuhi nikawa mchangamfu, namwambia dada siku hiyo hiyo. Ikiwa mbili mfululizo napiga simu kliniki, sisubiri tarehe ya kadi.

Daftari

Chukua daftari la kawaida la shule. Kila siku mstari mmoja: nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, hali yangu ni ngapi kati ya 0 na 10 ambapo 5 ni kawaida, dawa nimemeza au la, na jambo kubwa la siku hiyo kama lipo. Wanawake andikeni na siku za hedhi. Dakika mbili tu. Baada ya miezi mitatu utaanza kuiona sura ya ugonjwa wako mwenyewe, maana kila mtu ana dalili zake ndogo ndogo zinazotangulia. Zangu nazijua: naanza kununua uzi wa rangi ambazo sina kazi nazo, nawapigia simu watu niliosoma nao msingi, na nyimbo ninazosikiliza sauti inapanda. Za kushuka ni kwamba naacha kufagia mbele ya duka na nasema "nitafanya kesho" kwa vitu vidogo kabisa. Muulize na unayeishi naye aliona nini wiki mbili kabla haijapasuka, atakutajia vitu ambavyo wewe hukuviona hata kidogo.

Dawa, hapa tukae kidogo

Ukienda hospitali wakati umeshuka, sema na habari za kupanda, hata kama daktari hajauliza. Wengi tunaenda tukiwa kwenye sonona, tunaandikiwa dawa za sonona peke yake, na hizo kwa mtu wa baipola zinaweza kumrusha juu. Sema tu "kuna kipindi nililala masaa mawili wiki nzima na nilikuwa sichoki", sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu yako yote. Na wakikupima malaria, virusi vya UKIMWI, sukari au tezi ya shingo kwanza usione wanakupotezea muda, yapo magonjwa ya mwili yanayomfanya mtu achanganyikiwe vile vile.

Dawa kongwe ya kutuliza hizi hali ni lithiamu. Dada yangu aliogopa nimefanywa wa majaribio, kumbe daktari John Cade wa Australia aliandika kuhusu wagonjwa aliowatibu nayo tangu mwaka 1949. Ni nzuri sana, na ni moja ya dawa chache zilizoonekana kupunguza watu kujiua, ila inataka nidhamu maana kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana. Inapimwa kwenye damu, masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, yaani ukimeza saa tatu usiku unatolewa damu saa tatu asubuhi na kidonge cha asubuhi hicho unakisubirisha mpaka utolewe. Mara nyingi wanataka isome kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita). Figo na tezi ya shingo nazo ziangaliwe kila miezi sita hivi. Kunywa maji ya kutosha, usikate chumvi ghafla, na maumivu tumia Panadol, usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani maana zinaipandisha lithiamu kwenye damu, na baadhi ya dawa za presha pia, kwa hiyo kila unapoandikiwa dawa mpya taja kwamba uko kwenye lithiamu. Ukipata malaria ya kutapika, au kuhara, nenda hospitali siku hiyo hiyo uulize dozi iendelee au isimame. Na ukiona mikono inatetemeka vibaya, unayumba kama mlevi, ulimi mzito, unatapika, hapo usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali sasa hivi.

Lithiamu haipatikani kila mahali, wengi tumeanzia kwenye kabamazepini au valproeti, na wakati wa mania wanaongeza dawa kama olanzapini au haloperidoli maana lithiamu inachukua wiki moja mbili kuanza kazi. Olanzapini inanenepesha na inaweza kupandisha sukari, haloperidoli inaweza kukaza shingo na taya, yote hayo yana marekebisho, ukiona shida rudi useme wabadilishe. Usiache mwenyewe. Kuacha ghafla kunarudisha mania, tena mara nyingi kwa nguvu, na mimi nimeacha mara mbili kwa hiyo hili nalijua kwa mwili wangu. Ukisahau dozi moja usimeze mbili kufidia.

Dada zangu mlio kwenye umri wa kuzaa, hili hamuambiwi vya kutosha. Valproeti ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni, kwenye uti wa mgongo na kwenye akili yake baadae, ukiandikiwa uliza kama kuna nyingine. Kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti, unaweza kubeba mimba ukiwa na kijiti mkononi, kitanzi chenyewe hakiathiriki. Ukiwa tayari una mimba usitupe dawa kwa hofu, wahi kliniki wakubadilishie kwa utaratibu. Na wiki za kwanza baada ya kujifungua ni wakati wa hatari mno kwetu, panga kabla tumbo halijawa kubwa nani atamshika mtoto usiku ili wewe ulale.

Kufunga je? Nenda kwa daktari mwezi mzima kabla ya Ramadhani. Mwingine anabadilishiwa saa za dawa anafunga, mwingine anaambiwa hapana kwa sababu ya maji na usingizi. Mimi niliambiwa hapana, nililia, halafu nikakumbuka Qur'ani yenyewe kwenye Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Kuhusu maombi na dua, endeleeni jamani, mimi mwenyewe nasali. Ila sheikh au mchungaji au mganga atakayesema acha dozi ili imani ionekane, muage kwa heshima uondoke.

Karatasi ya makubaliano

Hii ndo naiona ya maana kuliko yote na ndo watu hawafanyi. Kaa na watu wawili unaowaamini, ukiwa sawa, muandike. Yangu ina ukurasa mmoja, nimesaini mimi, dada na kaka yangu, nakala moja iko kliniki. Inasema dalili zangu zinazotangulia ni zipi. Inasema nani ana haki ya kuniambia "umeanza", na maneno atakayotumia, maana akisema "umeanza uchizi" nitapigana naye, akisema "mdogo wangu, tuangalie daftari" huwa nakubali hata nikiwa nimeanza kupanda. Inasema hospitali ipi nipelekwe, dawa ipi ilinisaidia na ipi ilinidhuru. Inasema wanangu waende kwa bibi yao wasione. Na inasema nisifungwe kamba wala mnyororo, na picha zangu zisitumwe kwenye magrupu ya ukoo.

Pesa nayo imo. Mania inakula pesa kuliko ugonjwa wowote ninaoujua, na sasa mikopo ya simu inakuja ndani ya dakika moja usiku wa manane ndo hatari imezidi. Tulichofanya: akiba iko VICOBA ambako siwezi kutoa siku hiyo hiyo, hati ya kiwanja ipo kwa kaka, kwenye simu ninabakiza hela ya wiki, na chochote cha zaidi ya laki mbili nasubiri nilale usiku miwili, siyo mmoja, kabla ya kununua. Kadi ya benki dada anaichukua nikimpa daftari linaloonyesha nimelala masaa manne. Nimempa ruhusa hiyo kwa mkono wangu nikiwa na akili timamu, kwa hiyo hata nikimtukana siku hiyo haniibii, anatekeleza nilichoandika.

Kwa ndugu wa nyumbani

Akiwa amepanda usibishane naye kuhusu anachoamini, hutashinda. Ongea taratibu, sentensi fupi, zima redio, punguza watu chumbani, funguo za pikipiki ziwekwe mbali mapema bila ugomvi. Msimzingire watu kumi. Kama anatishia kudhuru mtu au halali kabisa siku ya pili ya tatu na wala hali chakula, hapo hakuna kujadiliana tena, ni hospitali, kila mkoa una hospitali ya rufaa, wakiona inafaa watawaelekeza Muhimbili au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Mirembe siyo mwisho wa maisha ya mtu, nawajua waliotoka huko wanafundisha shule.

Akiwa ameshuka msimwambie jikaze, wala "wenzio wana shida kuliko wewe". Mpe uji. Mwambie tukae nje dakika kumi. Kaa naye bila kumtaka aongee. Dada yangu alikuwa anakuja anakaa pembeni ya kitanda anapinda mikono ya nguo, hasemi kitu, na ninaamini hiyo ndo ilinifikisha siku nyingine.

Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo, kunampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika, dawa zote, sumu ya panya, kamba na visu viondoke, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muwe macho zaidi kwenye ile hali ya mchanganyiko niliyosema, na pale anapoanza kupata nguvu kidogo baada ya sonona ndefu, maana mwili unaweza kutangulia kuamka moyo ukiwa bado gizani. Dawa za mwezi mzima asikae nazo yeye, ampe mtu amgawie za wiki. Na wewe unayesoma hapa ukiwa huko sasa hivi, usimalizie kusoma, mwambie mtu aliye karibu neno moja tu, "sipo salama", aje akae na wewe muende pamoja.

Baada ya kipindi kuna aibu, na aibu inamuua mtu polepole. Mimi nilitengeneza orodha ya wateja wa yale magauni 43, nikaanza na waliokuwa maskini zaidi, nikawalipa wengine kwa kuwashonea bure mwaka mzima na nusu. Wapo ambao hawakurudi, wapo ambao mpaka leo ni wateja wangu. Ndugu wasimlipie yote mara moja na wasimsimange kila Idd, wamsaidie kupanga.

Ukienda kliniki

Foleni ni ndefu na daktari ana dakika tano na wewe, zitumie vizuri. Nenda na mtu anayeishi na wewe maana anaona usichokiona. Beba daftari, pakiti tupu za dawa zote pamoja na za duka la mtaani, na karatasi yenye maswali matatu yasiyozidi, la kwanza liwe lile linalokusumbua kweli (mimi nilichelewa miaka miwili kusema kwamba dawa imenitoa hamu ya mume wangu, nikabadilishiwa kwa siku moja). Kabla hujatoka hakikisha unajua tarehe ya kurudi, kipimo cha damu lini, na ukiishiwa dawa kabla ya tarehe uende wapi.

Mwaka huu nilifunga kupokea oda mwezi 20 wa Ramadhani. Nimebandika tangazo mlangoni kwa maandishi makubwa, na saa tatu usiku anakuja kijana wangu wa pili anafunika cherehani kwa kanga ya bibi yake, mguu wangu ukiwa bado uko kwenye pedeli, anasema "mama, muda".